Durkheim, Parsons, au Davis na Moore: yupi akufae unapoichambua shule?

Swali linalorudi kila mwaka katika vyuo vya ualimu na idara za sosholojia ni hili: jadili mtazamo wa waamilifu kuhusu dhima ya elimu katika jamii. Jibu linalorudi kila mwaka ni orodha. Elimu hurithisha utamaduni, huunganisha taifa, huandaa nguvukazi, huteua viongozi, hudhibiti tabia. Chini ya orodha hiyo majina ya Durkheim, Parsons, Davis na Moore hupangwa mstari mmoja kana kwamba wote walisema jambo lilelile. Nimesahihisha insha nyingi za namna hiyo na zinanisikitisha, maana mwandishi wake ana uwezo wa kufika mbali zaidi. Hakuambiwa tu kwamba watu hawa hawakuwa wakijibu swali moja. Ukishajua kila mmoja alikuwa akitafuta nini, unaweza kuchagua wa kufanya naye kazi, na uchaguzi huo ndio unaoipa insha au utafiti uti wa mgongo.

Kinachowaweka chini ya jina moja la uamilifu hakihitaji maneno mengi. Wote wanaitazama jamii kama mfumo wa sehemu zinazotegemeana: familia, dini, sheria, uchumi, shule. Wakikutana na taasisi yoyote huuliza inaufanyia nini mfumo mzima, na wanaamini mfumo hausimami pasipo watu kukubaliana angalau juu ya maadili ya msingi. Baada ya hapo kila mmoja anashika njia yake.

Kila mmoja na swali lake

Émile Durkheim alizaliwa Épinal, mashariki mwa Ufaransa, mwaka 1858, mtoto wa rabi. Alikuwa na miaka 12 Ufaransa ilipoingia vitani na Prussia na kushindwa. Katika kushindwa huko ilizaliwa Jamhuri ya Tatu, nayo ikaweka matumaini yake makubwa kwenye shule: sheria za Jules Ferry za 1881 na 1882 ziliifanya elimu ya msingi kuwa ya bure, ya lazima na isiyofungamana na dini. Durkheim alianza kufundisha Bordeaux mwaka 1887, akahamia Sorbonne mwaka 1902, na kote huko sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuwafundisha walimu. Swali lake lilitoka katika nchi iliyokuwa ikiliondoa kanisa darasani. Watu watafungwa pamoja na kitu gani? Mtoto atafundishwa maadili kwa mamlaka ya nani?

Talcott Parsons wa Harvard aliandika makala yake juu ya darasa kama mfumo wa kijamii mwaka 1959. Marekani ya wakati huo ilikuwa imetoka kuamuliwa na Mahakama Kuu yake, mwaka 1954, kuwa ubaguzi wa rangi katika shule za umma haukubaliki, na ilikuwa bado inahangaishwa na Sputnik ya Wasovieti iliyorushwa Oktoba 1957. Parsons hakuwa na hofu ya jamii kusambaratika kama aliyokuwa nayo Durkheim. Yeye aliuliza jambo la karibu zaidi: mtoto aliyelelewa na mama kwa mapenzi anageukaje kuwa mtu mzima anayepimwa kwa kazi yake, na darasa linafanya nini katikati ya hali hizo mbili?

Kingsley Davis na Wilbert Moore walitangulia, mwaka 1945, kwa makala ya kurasa nane tu. Na hapa niseme jambo ambalo vitabu vingi vya kiada havisemi: makala ile haikuhusu shule. Ilihusu matabaka. Waliuliza kwa nini kila jamii ina nafasi zinazolipwa zaidi na zinazoheshimiwa zaidi kuliko nyingine. Elimu inaingia kama njia ya kuwafikisha watu kwenye nafasi hizo. Waandishi wa vitabu vya kiada ndio waliowahamishia kwenye mada ya elimu, na wanafunzi wakawapokea hivyo.

Durkheim: kufanana kwanza, kisha kutofautiana

Fasili ya Durkheim, aliyoichapisha mwaka 1911, inasema kwa ufupi kwamba elimu ni athari ambayo vizazi vya watu wazima wanaitia kwa wale ambao bado hawajawa tayari kwa maisha ya kijamii. Wengi hunukuu hapo na kusimama. Lakini hoja yenyewe ina pande mbili. Jamii haiwezi kuishi bila wanajamii kufanana kwa kiasi fulani, kwa hiyo shule hupanda mapema katika mtoto mambo ambayo kila mtu lazima awe nayo. Papo hapo jamii ya viwanda na kazi nyingi inahitaji watu tofauti, kwa hiyo elimu inagawanyika kufuata kazi na mazingira. Insha inayotaja upande wa kwanza pekee inamfanya Durkheim aonekane mtu wa kutaka wote wawe sare.

Katika mihadhara yake juu ya elimu ya maadili, aliyoitoa Sorbonne kwa walimu watarajiwa, alitaja mambo matatu ambayo maadili yanasimamia. La kwanza ni roho ya nidhamu, la pili ni kufungamana na kundi, na la tatu, linalosahauliwa karibu kila mara, ni uhuru wa kujiamulia. Alitaka mtoto aifuate kanuni kwa kuwa ameielewa sababu yake. Mwalimu anayemtumia Durkheim kutetea utii wa kipofu amesoma theluthi mbili.

Hapa kuna kiungo cha kweli na kwetu. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Machi 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea, anaanza kwa kusema kusudi la elimu ni kurithisha hekima na maarifa ya jamii kutoka kizazi kimoja hadi kingine, na kuwaandaa vijana kuwa wanajamii watakaoshiriki kuidumisha na kuiendeleza. Weka kauli hiyo kando ya fasili ya 1911 uone zinavyokaribiana. Kisha tazama zinapoachana. Nyerere anauliza mara moja: jamii ipi? Anasema wazi kwamba elimu ya kikoloni haikuandaliwa kwa ajili ya jamii ya Tanganyika, ilikuwa ikipandikiza maadili ya jamii nyingine na kuchochea ubinafsi. Hadi mwanzoni mwa 1962 shule za Tanganyika zilitengwa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia, za Waafrika. Katika hali hiyo maneno "shule inaiunganisha jamii" hayana pa kushika mpaka kwanza useme jamii hiyo ni ya nani na nani ameachwa nje.

Durkheim hakulisumbukia swali hilo kiasi cha kutosha, ingawa lilikuwa mlangoni kwake. Katika shule za Brittany mtoto aliyekamatwa akizungumza Kibretoni alivishwa kitu shingoni, akatembea nacho mpaka amnase mwenzake aliyekosea vilevile, amkabidhi. Msomaji aliyesoma Kenya anakijua kipande hicho kwa jina lake, kiwe cha mbao, mfupa au kadibodi, na baadhi ya waliosoma shule za mchepuo wa Kiingereza Tanzania wanakijua pia. Kilikuwa kinawafananisha watoto, sawasawa na nadharia inavyosema. Kilikuwa pia kinamfundisha mtoto kumwinda mwenzake na kuionea aibu lugha ya bibi yake. Ukimtumia Durkheim, mambo haya mawili yaweke katika aya moja. Usilipeleke la pili kwenye sehemu ya "udhaifu wa nadharia" mwishoni, mahali ambapo msomaji ameshachoka.

Parsons: safari ya kutoka nyumbani

Parsons ndiye ninayemwona amelitazama darasa kwa jicho la karibu kuliko wenzake, na inasikitisha kwamba anafundishwa kwa sentensi mbili: shule ni daraja kati ya familia na jamii, na shule hugawa majukumu. Msome tena polepole.

Nyumbani mtoto ana nafasi kwa sababu ya alivyozaliwa. Kifungua mimba anatumwa zaidi, kitinda mimba anadekezwa, na aliyeugua wiki nzima hupewa kipande kikubwa cha samaki bila yeyote kulalamika. Hukumu za nyumbani zinamtazama yeye kama yeye. Shuleni anaingia mahali ambapo kipimo ni kimoja kwa wote. Parsons anataja sifa nne za darasa la shule ya msingi ya Marekani. Watoto huanza wakiwa karibu sawa, kwa umri na kwa mtaa wanaotoka. Wote hupewa kazi zilezile. Kuna mtu mzima mmoja upande huu na kundi la watoto walio sawa upande ule. Na kuna tathmini ya mara kwa mara inayoandikwa kwenye ripoti.

Chukua ripoti ya siku ya kufunga shule uione nadharia hiyo kwenye karatasi. Juu kuna masomo na alama, chini yake jumla, wastani, na nafasi: wa 23 kati ya 68. Halafu kuna sehemu ya tabia na mwenendo: usafi, utii, ushirikiano, utunzaji wa mali ya shule, kila kimoja na herufi yake. Mwisho maoni ya mwalimu wa darasa, "ongeza bidii", na sahihi ya mzazi. Parsons aliliona hilo hasa: katika madarasa ya chini ufaulu wa akili na ufaulu wa tabia havitenganishwi vizuri, na mwanafunzi "mzuri" ni mchanganyiko wa vyote viwili. Mtoto wa nafasi ya 23 anajifunza jambo ambalo halimo katika muhtasari wa somo lolote. Anajifunza kwamba anaweza kuwekwa kwenye namba, kwamba namba hiyo ni halali, na kwamba aliye wa kwanza anastahili kupigiwa makofi na wote, naye akiwemo.

Hiyo ndiyo shabaha ya Parsons. Kwa maoni yake jamii ya Marekani ilisimama juu ya maadili mawili, mafanikio na usawa wa fursa, na shule ilimfanya hata aliyeshindwa ayakubali. Tofauti ya tuzo inaonekana ya haki maadamu wote walianzia mstari mmoja.

Sasa irudie sifa yake ya kwanza: watoto wanaanza wakiwa karibu sawa, kwa umri na kwa mtaa. Hapo ndipo penye ufa wa nadharia nzima, na ufa huo ameuchora yeye mwenyewe. Watoto wa darasa moja wanafanana kwa sababu wasiofanana nao wako shule nyingine. Katika miji ya Marekani mitaa ilikuwa imegawanywa kwa kipato na kwa rangi, na shule zikaifuata mitaa. Kwetu hali inajulikana kwa jina: kuna "kayumba", yaani shule za msingi za umma, na kuna Ingilishi midiamu, na watoto wa uzio mmoja wa mtaa hupanda mabasi tofauti asubuhi. Ndani ya kila darasa mbio ni za haki kiasi. Kati ya darasa na darasa hakuna mbio zozote, kwa kuwa hawakimbii uwanja mmoja, ila mwisho wanafanya mtihani mmoja wa taifa na kupangwa kwenye orodha moja.

Kwa haki ya Parsons, hakuficha kwamba kazi ya baba ilikuwa na uzito. Alipotumia takwimu za wavulana wa sekondari wa eneo la Boston, alionyesha kuwa nia ya kwenda chuo kikuu ilifuata uwezo wa kijana na pia hadhi ya familia yake. Ila aliliona jambo hilo dogo kuliko ninavyoliona mimi.

Davis na Moore: viti na wa kuvikalia

Hoja yao ni nyepesi kuikumbuka, na labda ndiyo sababu inapendwa kwenye mitihani. Kila jamii ina nafasi ambazo ni muhimu kuliko nyingine na zinazohitaji ujuzi au kipaji adimu. Ili watu wanaofaa wazitamani na wavumilie mafunzo marefu, nafasi hizo lazima zilipe vizuri. Kwa hiyo kutokuwa sawa kwa tuzo kunaisaidia jamii yote. Mfano wao ni daktari: wanasema watu wengi wana akili ya kuweza kujifunza tiba, lakini mafunzo yake ni mazito na ya gharama kiasi kwamba karibu hakuna ambaye angeyaanza kama malipo yasingelingana na kujinyima huko.

Melvin Tumin, mwanasosholojia mwenzao wa Marekani, aliwajibu mwaka 1953, na sijaona jibu linalomfuta. Nani amepima kuwa kazi fulani ni muhimu zaidi? Kiwanda kinahitaji wahandisi, lakini pia hakitoi bidhaa hata moja bila vibarua. Nani ameumia katika mafunzo? Mara nyingi mzazi ndiye anayelipa, na kijana anarudishiwa gharama hiyo ndani ya miaka kumi hivi ya mwanzo kazini. Kubwa kuliko yote, matabaka yenyewe yanazuia vipaji visionekane: mtoto wa maskini mwenye akili ya daktari hafiki mahali pa kujulikana kuwa anayo.

Jaribu hoja yao kwa jambo lililotokea karibu nasi. Kuanzia katikati ya Machi hadi Mei 2024 madaktari wa hospitali za umma Kenya walikuwa kwenye mgomo, na moja ya madai makubwa lilikuwa kupangiwa vituo na kulipwa kwa madaktari waliomaliza chuo na kusubiri mwaka wao wa mafunzo kazini. Nafasi ni muhimu, hakuna abishaye. Mafunzo ni marefu. Wagonjwa wapo kwenye foleni. Hata hivyo kijana aliyekwisha kujinyima alibaki nje ya hospitali, kwa kuwa kilichoamua ni bajeti ya serikali. Nadharia inayosema tuzo huufuata umuhimu haina pa kuliweka tukio hilo. Walau ukimtumia Davis au Moore, uwe tayari kueleza nguvu ya mwajiri, jambo ambalo wao hawakulipa nafasi.

Wawekwe mbele ya viboko

Ukitaka kuona tofauti zao zisizofutika, wape jambo moja la shule zetu. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania kanuni za 2002 bado zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kutoa visivyozidi vinne.

Watu hudhani Durkheim, mtu wa nidhamu, angeunga mkono fimbo. Aliikataa waziwazi. Kwake adhabu haipo ili kumuumiza mkosaji wala hasa kumtisha. Ipo ili kuonyesha wote kuwa kanuni iliyovunjwa bado ina heshima. Kipigo kinavunja utu, na utu ndio kitu ambacho maadili ya jamii ya kisasa yanakishikilia kwa nguvu zaidi, hivyo mwalimu anayepiga anaibomoa ile heshima aliyotaka kuijenga. Alieleza pia kwamba ukali wa kupiga watoto ulikua pamoja na shule zenyewe, na kwamba katika jamii alizoziita sahili watoto kwa kawaida hawakupigwa. Anayesema viboko ni mila zetu za asili atakutana na pingamizi kutoka kwa mtu ambaye hakumtarajia.

Parsons angekupeleka kwingine. Angetazama kama adhabu inatolewa kwa kipimo kimoja: je, mtoto wa mwenyekiti wa kamati ya shule anachapwa sawa na wenzake? Kama sivyo, darasa limerudi kuwa nyumbani, mahali pa kutazamana usoni, na somo la kipimo kimoja limeharibika. Ni swali zuri la utafiti na unaweza kulifanyia kazi kwa daftari la adhabu la shule moja. Davis na Moore hawana la kusema hapa, na kunyamaza kwao kunakuonyesha ufinyu wa eneo lao.

Na mbele ya mtoto ambaye hakuchaguliwa

Hapa ndipo penye uzito kwangu, na nadhani ndipo pa kuamulia.

Mwaka 1967 Nyerere aliandika kwamba takriban asilimia 13 tu ya watoto wa shule za msingi wangepata nafasi ya sekondari, ilhali mafunzo yote ya msingi yaliandaliwa kana kwamba wote wanaelekea huko. Kenya ilikuwa na KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kuanzia 1985 hadi watahiniwa wa mwisho wa 2023, na vizazi vyote hivyo vinaijua ile asubuhi ya matokeo. Mtihani ulikuwa unachuja, hilo nadharia zote tatu zinalikubali. Ila ukimuuliza kila mmoja aliyechujwa ni nani, majibu yanapishana sana.

Kwa Davis na Moore yeye ni mtu ambaye kiti chake ni kingine, na malipo madogo ya kiti hicho ndiyo yanayofanya viti vya juu vitamaniwe. Kwa Parsons yeye ni mshindani aliyeshindwa kwa haki, na kazi ya shule ni kuhakikisha anakubali. Kwa Durkheim bado ni mwanajamii kamili: kufanana kule kwa msingi kulikuwa kwake pia, na shule iliyomwacha akijiona si kitu imeshindwa kazi yake ya kwanza, hata kama imetoa wahandisi wengi. Nyerere alifika kwenye hitimisho linalofanana na hilo kwa njia yake mwenyewe, aliposema elimu ya msingi lazima iwe elimu inayojitosheleza, isiwe tu maandalizi ya sekondari. Mabadiliko ya mitaala ya miaka ya karibuni, Kenya na Tanzania, yanajaribu kupunguza uzito wa mtihani mmoja na kufungua njia za amali, sanaa na michezo. Ukiyatazama kwa jicho la Parsons utauliza kama kipimo kinabaki kimoja. Ukiyatazama kwa jicho la Durkheim utauliza kama wanaopelekwa njia tofauti wanabaki na kitu cha pamoja kinachotosha.

Januari 2023 NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, iliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora pamoja na matokeo ya kidato cha nne. Kwa mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu, uamuzi huo ni zawadi: kwa Parsons kutangaza washindi ni sehemu ya kuyafanya mafanikio yawe thamani ya wote, kwa hiyo unaweza kuuliza shuleni na majumbani ni nini kimebadilika.

Basi uchague yupi

Mada yako ikihusu umoja wa taifa, lugha ya kufundishia, somo la uraia, JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), dini shuleni, au nidhamu, mchukue Durkheim. Hakuna mwingine kati yao mwenye zana za kutosha, na ubaya wake mkubwa, yaani kutouliza jamii ni ya nani, unaweza kuuziba kwa Nyerere.

Ukitaka kukaa nyuma ya darasa na daftari, mchukue Parsons. Sifa zake nne ni mwongozo wa uchunguzi uliokwisha kuandaliwa: angalia watoto wanaanzaje, wanapewa kazi gani, mwalimu amesimama wapi, tathmini inaandikwaje. Anafaa pia kwa utafiti wa watoto wa darasa la kwanza wanaozoea shule, na wa bweni, mahali ambapo kuondoka nyumbani ni kwa mwili pia. Usimtumie kueleza tofauti kati ya shule na shule. Atakuponza.

Davis na Moore wachukue pale tu swali linapotaja mishahara, mikopo ya elimu ya juu, au matabaka, na usiwaandike bila Tumin. Nawaona dhaifu kuliko wenzao, nami nawaambia wanafunzi wangu hivyo. Sababu kubwa aliitoa Durkheim mwenyewe mwaka 1895, alipoonya kwamba kuonyesha jambo lina manufaa gani si kueleza lilivyotokea. Wao waliona tuzo zisizo sawa, wakazionyeshea manufaa, wakadhani wamezieleza. Onyo hilo ni rungu la kumpigia kila mwamilifu, na linapatikana kwa mwamilifu wa kwanza kabisa wa elimu.

Robert Merton, mwamilifu mwingine wa Marekani, mwongeze akilini hata asipokuwa kwenye swali. Kutenganisha kwake dhima dhahiri na dhima fiche, na kukubali kwake kuwa taasisi inaweza kuwa na madhara, kunakuokoa unapokutana na mambo kama tuisheni, ambayo hakuna sera iliyoyapanga. Ama Bowles na Gintis wa 1976, Wamarekani waliofuata mtazamo wa Marx, watu huwapanga upande wa pili kama wapinzani wa uamilifu, na ni kweli katika siasa. Lakini nao wanasema shule ina kazi inayoufanyia mfumo, isipokuwa mfumo wenyewe ni ubepari na mnufaika ni mwenye kiwanda. Ukilisema hilo katika insha, msahihishaji ataketi vizuri.

Ukilazimishwa kumchukua mmoja tu, Durkheim. Na umsome mwenyewe badala ya muhtasari wa muhtasari: Éducation et sociologie, kilichochapishwa mwaka 1922 baada ya kifo chake, ni kijitabu chembamba, na mlango wake wa kwanza ndio wenye ile fasili. Makala ya Davis na Moore isome siku moja na jibu la Tumin, zote mbili zinamalizika kwa mchana mmoja. Parsons ni mgumu kwa lugha, kwa hiyo mwachie wiki, na ukifika kwenye zile sifa nne uwe na ripoti ya mtoto wa kwenu mezani.